Chujio la Chai na Siku za Eda

Chujio la kwanza mume wangu alilichukua bila kuniuliza. Nilikuwa nimechemsha chai ya alasiri, nikanyoosha mkono kwenye msumari linapotundikwa, nikagusa ukuta mtupu. Chai tukainywa na majani yake, tukitema kila funda. Mume wangu alikunywa, macho kwenye kikombe. Baada ya siku mbili nikalikuta chujio langu limekatwa mpini, linaning'inia kwa waya ndani ya chupa pana ya plastiki iliyokuwa ya achari. Vipovu vidogo vilikuwa vikilitoka mwili mzima.

"Bwana, hilo si chujio langu?"

"Lilikuwa," akasema.

"Na hicho kijiko pembeni yake?"

"Hicho nacho kilikuwa chako."

Alikuwa mtunza maabara katika shule moja ya sekondari kule juu Kwale. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kupima dawa kabla wanafunzi hawajaingia, na kufunga makabati wakishatoka. Mwisho wa wiki alishuka nyumbani kwetu Msambweni, na mfukoni hakukosa kipande cha waya. Mimi nimesoma hadi darasa la nane, kisha nikafua mashuka katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoelezwa na yale niliyoyaona kwa macho yangu. Nisipojua nitasema sijui.

Alinieleza hivi. Maji yamefumwa kwa vitu viwili, haidrojeni na oksijeni. Ukiyapitishia umeme, hata huu mdogo wa sola, huachana: haidrojeni hutokea kwenye kijiko, oksijeni kwenye chujio. Haidrojeni huwaka, na watu wanaweza kupikia, wanaweza kuendeshea mitambo. Lakini maji hayaachani kwa hiari. Yanataka umeme mwingi, ila pakiwepo kitu cha kuyarahisishia. Kitu hicho huitwa kichocheo.

"Ni kama mshenga," akasema. "Mshenga huenda nyumba hii na nyumba ile, mambo yakawa, naye akarudi kwao vile vile alivyokuja. Haoi yeye."

"Mshenga huoza watu. Huyu wako anaachanisha. Huyo ni kadhi wa talaka."

Alicheka mpaka akaweka koleo chini. Tangu siku hiyo chujio likaitwa kadhi.

Makadhi wazuri, alisema, hutengenezwa kwa madini adimu kuliko dhahabu. Hayo hayawezi kufika kwa mtu wa Msambweni. Wapo wa bei ndogo, wa chuma na nikeli, na chujio la chai la chuma kisichoshika kutu lina vyote viwili ndani yake. Ukilitia kwenye maji yenye magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni, na kulipitishia umeme siku kadhaa, hujivika ngozi ya kahawia, na ngozi hiyo ndiyo hufanya kazi. Taabu ya hawa wa bei ndogo ni kuchoka. Wiki ya kwanza hodari, mwezi wa pili wamelegea. Kila mtu anayeshughulika na jambo hili duniani, akasema, anatafuta kitu kimoja: kadhi asiyekula sana na asiyechoka.

Kuchoka kwake kulionekana kwenye mita. Umeme uliokwenda chupani ulikuwa ule ule kila siku, kwa kidude alichokifunga yeye. Mita ilionyesha nguvu inayotakiwa kuusukuma. Namba ikikaa chini, chujio lina afya. Ikipanda, linachoka. Namba yake ilikuwa moja nukta tisa, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, kila jioni aliiandika daftarini mwenyewe. Hewa zilipita kwenye mipira miwili myembamba, kila mmoja ukaingia kwenye kichupa chake cha maji, kisha nje ya dirisha. Nilikaa nikitazama vichupa hivyo kama mtu anayetazama kuku wanavyokula. Cha upande wa kijiko kilitoa vipovu mara mbili ya kile cha chujio. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia kila tone la maji ni ndugu watatu, wawili haidrojeni na mmoja oksijeni. Sikuamini mpaka nilipohesabu mwenyewe, dakika nzima huku na dakika nzima kule. Ilikuwa karibu mbili kwa moja. Mpaka leo sijui kwa nini jambo lile lilinifurahisha kiasi kile.

Kisha akaugua figo. Hakukawia. Alipolazwa chumba cha mbele, chupa ikahamishiwa dirishani pake, na kazi ya kusoma mita ikawa yangu. Asubuhi hakuwa akinisalimu. Alifungua macho akasema, "Namba?" Nami nikasema, "Moja nukta tisa." Akafumba tena. Jioni niliituma namba hiyo kwa simu yake kwenda kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mwanamke wa bara, ambaye aliwahi kufika shuleni kwao kuonyesha mambo hayo. Mwalimu alijibu kila mara kwa neno moja: vizuri.

Asubuhi ya siku ya thelathini na moja ya chujio hakuniuliza namba. Mama yake alikuwa amekwisha kumtia kinywani matone ya maji ya Zamzam, yaliyoletwa na jamaa aliyerudi hija. Nilisoma mita, nikaisema namba kwa sauti, kisha ndipo nikamgusa mkono.

Siku ile sikuandika kitu, wala siku ya pili yake. Ni mistari miwili mitupu, na imebaki mitupu.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mtu hatoki nje ila kwa dharura, hajipambi, anakaa na huzuni yake. Wengine huona ni kifungo. Mimi sikuona hivyo, maana sikuwa na mahali nilipotaka kwenda. Mama mkwe wangu alihamia kwangu kunikalia. Mchana tulikaa chumba cha mbele, yeye na tasbihi yake, mimi na mita yangu.

"Na hicho kinachochemka bila moto," akaniuliza siku moja, "kinangoja nini?"

"Tunangoja kichoke, mama."

"Mwanangu alikufa akingoja kitu kichoke?"

"Alikuwa akiomba kisichoke."

Akatikisa kichwa. Lakini tangu hapo kila asubuhi, baada ya mimi kumwamkia na yeye kuitikia marahaba, alisema, "Namba?"

Mwalimu wa chuo alikuja kutoa rambirambi. Alikuwa amejifunga mtandio kichwani vibaya, unamwangukia kila akiinama, na alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo kwa uangalifu wa mtu aliyefanya mazoezi njiani.

"Pole sana, mama," akaniambia. "Mimi sikujua alikuwa mgonjwa hivyo. Kila siku alikuwa ananitumia tu namba."

"Namba za mwisho nilizituma mimi."

Akanitazama, akaitazama chupa. "Kumbe bado inatembea?"

Nikamwonyesha daftari. Alilisoma lote amesimama. Kisha akaniambia jambo ambalo nilimshukuru nalo, kwa sababu hakunipaka mafuta. Alisema kichocheo cha namna hii kimeshajaribiwa na watu wengi, si kitu kipya. Kipya kidogo ni kukiacha kifanye kazi muda mrefu nyumba ya kawaida, kwa vitu vya dukani, na mtu akakiandika kila siku.

"Ikifika siku mia na namba haijapanda," akasema, "nitalichukua chujio chuoni tulipime vizuri, na jina la mumeo nitaliweka kwenye ripoti yangu. Lakini uandike hata siku ikiwa mbaya. Daftari lisilokuwa na siku mbaya mimi huwa siliamini."

Jina lake. Mtu aliyeosha vichupa vya wenzake miaka yote ile. Nilihesabu kwa vidole kabla mgeni hajafika barabarani. Siku mia ingefika nikiwa bado ndani ya eda.

Basi nikawa na kazi. Nasema ukweli, kazi ile ilinishika kuliko nyiradi za baada ya sala, na sioni fahari kulisema hilo. Niligundua mambo madogo. Siku ya mawingu betri ya sola ililegea na vipovu vikapungua, lakini kesho yake vilirudi vile vile. Nikipita karibu kwa kishindo, vipovu vilivyoshika kwenye nyavu za chujio vililipuka juu kwa pamoja kama vilivyoshtuliwa. Maji yalipungua, maana ndiyo yanayoachana yakapeperuka, na kila baada ya siku chache niliongeza maji ya betri, yale yanayouzwa kwa wenye magari. Mume wangu alikuwa amechora mstari mwekundu ubavuni mwa chupa. Alituambia sote wawili, mimi na mama yake, maji yasishuke chini ya mstari ule, chujio lisije likapata hewa likaharibika. Kwamba maji yenyewe yawe ya betri tu, yasiyo na kitu ndani, hilo aliniambia mimi peke yangu.

Maji ya betri yaliisha. Niliona yanakwisha, nikanyamaza. Hapa pana kosa langu, na nalitaja kabla ya la mtu mwingine. Wanaume wa ukoo walikuwa wakituletea unga, samaki, mafuta ya taa. Niliona haya kumwambia shemeji yangu apande gari mpaka Ukunda akaninunulie maji ya betri. Wangesema mjane huyu fikira zake ziko wapi. Nikajiambia nitasema kesho. Nikajiambia hivyo siku nne.

Siku ya themanini na nane nililala baada ya sala ya adhuhuri, kichwa kikiniuma. Nilipoamka mama mkwe wangu alikuwa amesimama dirishani, ameshika galoni dogo jeupe, tupu, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishini.

"Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari," akasema. "Nikatafuta yale ya betri, sikuona. Nikaona haya ndiyo bora kuliko yote. Nimemtilia mwanangu yote. Sikubakisha."

Ilikuwa Zamzam. Yale yale aliyomtia kinywani.

Niliinama kutazama. Chupa haikuwa safi tena. Ndani mlikuwa na ukungu mweupe, kama tui la mwisho, lile la kukamua nazi mara ya tatu. Ulikuwa ukishuka polepole na kukishika kijiko. Vipovu vya kijiko vilikuwa vimepungua. Nikawasha mita. Mbili nukta moja. Jioni, mbili nukta tatu.

"Namba?" akaniuliza.

Niliinama kuisoma tena, naye si mtu wa kuambiwa mara mbili. Aliketi.

"Imepanda?"

"Imepanda, mama."

"Kwa maji yale?"

"Nadhani ni kwa maji yale."

Akalizungusha galoni mikononi. "Itashuka kesho, Inshallah. Wewe andika kama ya jana. Usiniandike mimi, mwanangu. Nisije nikasomwa huko chuoni kwamba nimeharibu."

Nikaandika moja nukta tisa. Naandika hapa kwa sababu sikupata kumwambia mtu wakati ule. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikafunga daftari. Siku kumi na mbili tu zilikuwa zimebaki. Nani angejua? Ningeziandika zote kumi na mbili kwa kalamu ile ile, na jina lake lingeingia kwenye ripoti, na mama yake asingeumia.

Kesho yake mchana nilikaa mbele ya chupa kama kawaida. Ukungu ulikuwa umetua chini, maji ya juu yakaanza kutakata kidogo tu. Kijiko kilikuwa kimevaa ganda. Chujio, nilipolitazama kwa kurunzi, lilikuwa kahawia yake ile ile. Hapo nikataka kujua. Je, aliyechoka ni kadhi, au ni kijiko kilichofungwa mdomo? Namba imepanda kwa sababu ya nani kati ya hawa wawili? Nikafungua daftari nitazame jana ilikuwaje, nikakutana na uongo wangu. Namba ya jana haikuweza kuniambia chochote. Nilikuwa nimejifunga macho mwenyewe. Na yule aliyeniuliza namba kila asubuhi, mgonjwa vile, hakuwa akiuliza ili afurahishwe.

Nikaikata ile moja nukta tisa kwa mstari mmoja, isomeke bado. Pembeni nikaandika: "Hii si kweli. Ilikuwa mbili nukta tatu jioni. Maji ya betri yaliisha, mimi niliona na sikusema. Chupani yametiwa maji ya Zamzam. Aliyetia alitia kwa mapenzi." Nikamsomea mama mkwe wangu neno kwa neno, kwa kuwa yeye hasomi.

Alizivuta punje kadhaa za tasbihi yake.

"Jina langu halimo," akasema.

"Halimo."

"Lakini liko la mwanangu juu ya daftari."

"Liko, mama. Ndiyo maana."

Hakunisemesha mpaka magharibi. Baada ya sala akaniletea chai. Nikajua hajanisamehe, lakini amenielewa.

Nikamtumia mwalimu maneno yale yale kwa simu, naye akajibu siku hiyo hiyo: "Asante kwa kusema. Siku mia hazipo tena. Usimwage, usisafishe. Nakuja."

Alikuja na glavu na beseni. Alikitoa kijiko kwanza, kimevimba ganda jeupe kama la birika la zamani. Kisha akalitoa chujio, akalisuuza, akalielekeza kwenye mwanga. Nyavu zote zilikuwa nzima. Nilikuwa nimesimama karibu hata nikamkanyaga mguu.

"Maji yoyote yaliyopita kwenye mawe hubeba mawe," akasema. "Hapa yamekutana na magadi, yakayaacha mzigo wake. Mengi yameshika kijiko. Hili chujio... sijui. Siwezi kusema kwa macho. Lazima lipimwe."

Mama mkwe wangu akauliza kutoka kitini, "Basi maji ya Maka ndiyo yaliyoiua kazi ya mwanangu?"

Mwalimu akanigeukia. Nikaona hajui lipi halali kusema nyumba ile.

"Maji hayana kosa, mama," nikasema. "Yamefika na vilivyomo ndani yake. Sisi ndio hatukuyaambia yanakwenda wapi."

"Na jina?" mama mkwe wangu akauliza. Hakuwa amelisahau.

"Siwezi kuandika siku mia," mwalimu akasema. "Nitaandika themanini na saba, na siku mbili tupu ndani yake, na yaliyotokea. Jina nitaliomba. Wakubwa wangu wakikataa nitarudi niwaambie mimi mwenyewe, sitapiga simu."

Alipokuwa akifunga beseni nikamwuliza jambo lililokuwa likinikereketa. Visima vyetu vya huku vina chumvi. Maji ya betri ni ya kununua. Sasa kichocheo kinachotaka maji yasiyo na kitu, ni rahisi kwa nani?

Akacheka, si kwa dharau. "Mama, hilo ndilo watu wanalipwa kulitafuta. Na hawajalipata vizuri."

Chujio likaenda naye. Daftari alilipiga picha kurasa zote, pamoja na ule mstari niliokata, akaniachia.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa kanga mpya aliyoninunulia mama mkwe wangu, nikatoka. Jua lilinipiga usoni hata nikasimama. Watu wengine siku hiyo huenda kuzuru ndugu. Mimi nilikwenda kaburini, kisha dukani. Nikanunua machujio mawili ya chai na vijiko viwili. Shemeji yangu nilikuwa nimekwisha kumtuma Ukunda maji ya betri, bila haya yoyote, naye alinitania kwamba nimenunua gari.

Tuliweka chupa mbili dirishani. Moja ya maji ya betri, moja ya maji ya kisima chetu, zote na magadi, zote na mstari mwekundu.

"Hii ya kisima ndiyo yangu," mama mkwe wangu akasema, akaisogeza upande wake.

Ya kwangu inaendelea ninapoandika. Ya kwake ilianza kunuka siku ya pili, harufu niliyoijua kabla sijaikaribia, ile dawa ya kung'arishia mashuka ya hoteli. Nilishangaa sana. Nilifua miaka yote ile nisijue kwamba harufu ile imelala ndani ya chumvi ya kisima changu. Siku ya tisa nyuzi za chujio zilikuwa zimekatika, na chini kumejaa kutu nyekundu. Mita ilikuwa ikiruka ruka. Nilimwita mama mkwe wangu aje aone.

Aliinama, akatazama muda, mkono kiunoni. Mwalimu alikuwa bado hajarudi na jibu la jina, na hajarudi hadi leo. Nilidhani mama atahuzunika.

"Andika," akasema. "Andika kimekufa, siku ya tisa. Kisha tutie kingine."